Nyuzi hupakwa wanga "kwa povu" au "na povu"?

Swali: Natafsiri mwongozo wa mashine ya kiwanda cha nguo. Nimeandika: "Nyuzi za mtande hutiwa saizi na povu." (Mtande ni nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa.) Mwenzangu anasema sentensi haikai sawa, ila hawezi kueleza kwa nini. Kosa liko wapi?

Jibu: Mwenzako ana sikio zuri. Kwanza, ondoa "saizi". Kwetu saizi ni kipimo, kama saizi ya shati au ya kiatu, na fundi atadhani nyuzi zinabadilishwa unene. Kinachotiwa ni wanga, au kemikali kama polivinili alkoholi, ili uzi usikwaruzike na kukatika wakati wa kufuma. Kitambaa kikishafumwa, huoshwa utoke. Ikiwa ni wanga, sema wanga. Ikiwa ni kitu kingine, "gundi ya mtande" itaeleweka.

Pili, "na". Baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" humtaja mtenda: nguo imefuliwa na Asha. Chombo au njia huchukua "kwa": imefuliwa kwa sabuni. Povu halitendi, ni njia tu. Basi ni "kwa povu".

Kilichobaki ni kitenzi, na hapa ningekuomba usiharakishe. Katika njia iliyozoeleka, nyuzi hupita ndani ya beseni la wanga wa majimaji, hukamuliwa kati ya rola, kisha hukaushwa kwenye silinda za moto. Nyuzi hizo huchovywa. Katika njia ya povu, hewa hushika nafasi ya sehemu kubwa ya maji. Povu hutandazwa juu ya nyuzi, rola huliminya, viputo hupasuka na wanga hubaki kwenye uzi. Kwa kuwa uzi haulowi chepechepe, hauhitaji joto jingi kukauka, na hiyo ndiyo faida kubwa ya njia hii. Nyuzi za njia hii hupakwa. "Kutia" si kosa, lakini hufunika tofauti ambayo mwongozo wako umeandikwa kuieleza.

Kwa hiyo: "Nyuzi za mtande hupakwa wanga kwa povu."

Jambo dogo la upatanisho: povu likiwa kitu kimoja kinachotandazwa, liache katika umoja, yaani "povu likipasuka mapema, wanga hautaenea sawasawa". "Mapovu" yafaa unapozungumzia mafungu yaliyotapakaa huku na huko, kwa mfano yaliyomwagika sakafuni chini ya mashine.