Mama atakaa angani saa 7 au saa 15?

SWALI: Mzee wetu wa safari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 68 na anameza dawa za kisukari. Mwezi Januari anakwenda New York kumwona dada yangu aliyejifungua. Ndege ni ya moja kwa moja. Tiketi inasema ataondoka Nairobi 23:55 atue 06:55, yaani saa 7. Kurudi ataondoka 12:30 atue kesho yake 10:30, saa 22! Dada anashikilia kuwa ni kama saa 15. Nishike lipi?
Msomaji, Umoja

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa mtoto. Shika la dada yako. Tiketi nayo haina kosa, ila kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji husika: ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kutua ni ya New York. Januari wenzetu wako nyuma kwa saa 8. (Machi husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa 7, sisi zetu hatuzigusi.) Kwenda, jumlisha 7 na 8, upate 15. Kurudi, toa 8 kwenye 22, zibaki 14.

Saa hiyo moja inayopungua ni kazi ya upepo. Safari ni takriban kilomita 11,800, ndege ikielekea kaskazini-magharibi juu ya Sahara, kisha kuvuka Atlantiki. Huko juu huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi huzidi nguvu. Kwenda ndege inapambana nao, kurudi inasukumwa.

Mimi hasa nawaza dawa. Nimekata tiketi miaka mingi hapa Moi Avenue, na wasafiri wazee ndio hunitia wasiwasi. Tuseme mama humeza kidonge cha asubuhi saa moja. Saa moja ya Nairobi itamkuta angani, atameza. Akitua, saa ya ukutani itamwonyesha tena karibu saa moja asubuhi, naye afungue mkoba ameze kingine, kumbe Nairobi ni saa tisa kasoro alasiri. Kwa hiyo mpeleke kwa daktari wake kabla ya safari, mbebe na tiketi, awapangie saa za kumeza na za kula. Yaandikwe kwenye karatasi. Saa yake ya mkononi ibaki ya Nairobi mpaka dada yako ampokee. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linalopakiwa chini. Ndani ya ndege anywe maji, na kila baada ya muda ainuke atembee kidogo, miguu isivimbe.

Halafu, 23:55 ni saa sita kasoro dakika tano usiku, tarehe ile ile ya kwenye tiketi. Awe uwanjani kufikia saa tatu kasorobo usiku. Jioni Outering Road husimama kabisa, kwa hiyo saa kumi na mbili muwe mmeshatoka Umoja.