Nyungunyungu: mshike kabla ya kukariri

Nilipoanza biolojia nilikariri majina ya viungo vyote kabla sijamshika nyungunyungu hata mmoja. Kwenye mtihani yalichanganyika yote. Wewe anza na kiganja chako.

Kiloweshe kwanza. Nyungunyungu hana mapafu. Hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo hupitisha oksijeni ikiwa na unyevu tu. Akikauka, anakosa hewa na kufa. Damu yake ni nyekundu kwa sababu ina himoglobini, protini inayobeba oksijeni, ila imeyeyuka katika majimaji ya damu, haikai ndani ya chembe kama yetu.

Sasa mpapase tumboni. Mkwaruzo unaouhisi ni wa vinyweleo vigumu. Kwa Lumbricus terrestris, spishi inayofundishwa sana, karibu kila pingili, yaani kila kipande kimoja cha mwili wake, ina vinane. Misuli ya mviringo ikibana, mwili unakuwa mwembamba na kurefuka. Ya urefu ikibana, unafupika na kunenepa. Vinyweleo hushikilia udongo ili asirudi nyuma. Mwangalie dakika tano tu, hutasahau tena.

Uzazi ndio unaowasumbua wanafunzi wengi, na kwangu ndio mtamu kuliko yote. Kila mmoja ni huntha, ana viungo vya kiume na vya kike, lakini kwa kawaida bado anahitaji mwenzake. Hulala wakielekeana kinyume, wakabadilishana mbegu za kiume, kila mmoja akazihifadhi za mwenzake, kisha wakaachana. Baadaye ule mshipi mnene unaouona kwa mkubwa hutoa pete ya ute. Pete husogea kuelekea kichwani, ikipokea mayai njiani, halafu mbegu zilizohifadhiwa. Ikivuka kichwa, ncha zake hujifunga, na utungisho hufanyika humo ndani. Chora safari hiyo kwa mkono wako, hatua kwa hatua.

Utumbo ni rahisi: hana meno, firigisi husaga chakula kwa msaada wa chembe za mchanga.

Ukisikia kwamba ukimkata katikati unapata wawili, usikubali. Kipande cha mbele huenda kikaotesha mkia. Cha nyuma kwa kawaida hufa.

Siku ya kupasua, kata upande wa mgongo, ule wenye rangi iliyokolea, maana uzi mkuu wa neva hupita tumboni. Ncha ya mkasi iinue juu muda wote: utumbo uko karibu sana na ngozi, na ukiutoboa, udongo utakufunikia kila kitu ulichotaka kukiona.