Mtiki au msonobari kwa sebule iliyo karibu na bahari

Ndugu yangu, umeuliza kama sebule yako ya Raskazone, Tanga, unayotaka iwe na vitu vichache tu, itafaa samani za mtiki au za msonobari. Mimi ningechukua mtiki, ambao hupandwa mkoani humu humu katika shamba la miti la Longuza, Muheza, kwa kuwa mafuta yake ya asili huukinga na mchwa na haupindi ovyo kwa unyevu wa pwani. Hata hivyo, kagua ukingo wa kila ubao kabla ya kulipa, kwani ule ukanda mweupe wa nje hauna kinga hiyo, na wapo mafundi wanaouficha kwa vanishi nyeusi. Msonobari ni nafuu lakini ni laini, kiasi kwamba ukucha huacha alama, na usipotiwa dawa huliwa upesi. Mninga unapendeza mno, ila kwa michirizi yake meza moja inatosha. Sakafuni, zulia la katani liwe mbali na mlango wa bafu, maana likilowa hubaki na madoa. Hapo tandika mkeka wa ukindu.