Epicurus hakufundisha ulafi
Wapo wanaosema kwamba Epicurus, mwanafalsafa wa kale, alihubiri kula, kunywa na kuponda raha. Hapana, hakuhubiri hivyo. Katika barua yake kwa Menoeceus, ambayo ipo mpaka leo, Mgiriki huyo (alifariki 270 K.K.) anaandika wazi kwamba raha anayoisema si ya walevi wala walafi, bali ni mwili kutoumwa na roho kutosumbuka. Mkate na maji, anasema, humpa mwenye njaa raha kubwa kabisa. Aliwahi kumwomba rafiki amtumie kijungu cha jibini, ili siku akitaka ajifanyie karamu! Ila hakukataza vinono: vikipatikana, kula, mradi usivitegemee. Sifa ya ulafi alipakaziwa na wapinzani wake tangu akiwa hai, na inaniuma kuona bado inasambazwa.