Sikiliza kinu: neno "mdundo" na shairi lako

Vijana wanaoanza kutunga mashairi huniuliza sana: mdundo ni nini hasa, na mizani je, si kitu kilekile? Mimi huwajibu kwa kuanzia kwenye kinu.

Nikiwa mdogo, bibi na shangazi walikuwa wakitwanga mpunga kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Huyu akishusha, yule anapandisha. Du, du, du, du. Siku niliyopokezwa mchi nilikazana kumtazama shangazi ili nimuwahi. Michi ikagongana, mpunga ukamwagika mchangani. Bibi akaniambia, "Mwanangu, acha kutazama mchi wa mwenzio. Sikiliza kinu." Nikasikiliza, na baada ya muda mkono ukajua wenyewe pa kushukia. Mdundo ndio huo: pigo linalorudi pale sikio linapolingojea.

Neno limezaliwa na kudunda. Mpira hudunda, moyo hudunda kwa hofu, na ukimjulia hali jirani atakujibu, "Tupo, tunadunda." Mahadhi ni jambo jingine, ni namna sauti inavyopanda na kushuka katika kuimba, shairi moja laweza kughanwa kwa mahadhi mawili tofauti. Mizani ni hesabu ya silabi.

Kwenye hesabu hiyo ndiko nilikokwama miaka mingi. Nilihesabu nane kwa nane, vina vikakaa sawa, lakini nikighani mbele za watu, ubeti unachechemea. Tazama mstari huu:

Bahari imechafuka, bei juu siku hizi.

Mizani ni 16 kamili. Ila Kiswahili kwa kawaida hukaza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo kipande cha kwanza kina mapigo mawili, HA na FU, kisha cha pili kinakurupuka na manne: BE, JU, SI, HI. Sasa soma hivi:

Bahari imechafuka, wavuvi wamerejea.

VU na JE zimeangukia palepale zilipoangukia HA na FU, silabi ya pili na ya saba. Sisemi kila mstari ufanane hivyo, maana shairi zima litachosha. Nasema ujue pigo liko wapi kabla hujalihamisha. (Mkazo si jambo dogo hata nje ya ushairi: barabara ya kupita magari na kazi iliyofanywa barabara zinatofautishwa na huo tu.)

Ukimaliza kutunga, usikimbilie kuhesabu kwa vidole. Ghani huku ukigonga meza kwa kiganja. Halafu mpe mtu ambaye hajaliona shairi alisome kwa sauti, nawe ukae kimya na kalamu mkononi. Kila anapojikwaa, weka alama, usimsahihishe. Mimi huanzia kwenye alama hizo kesho yake asubuhi.