Kabla ya Kununua Choo, Jaribu Kukisafisha

Juzi msomaji mmoja anayejenga Ruai, hapa Nairobi, aliniandikia: "Dada, tumefika hatua ya vigae na fundi ananiharakisha. Nichague choo na sinki gani ambavyo havitanitesa kusafisha?" Swali hili naulizwa mara kwa mara, na nalipenda, kwa sababu bafu langu la Embakasi nililipigania kweli.

Siku ya kununua vifaa nilienda Industrial Area na kitambaa mkobani. Kila choo nilichoonyeshwa nilichuchumaa, nikapitisha kitambaa ubavuni, nyuma na chini ya ukingo. Muuzaji akamwambia fundi wangu, nikiwa papo hapo, "Huyu mama amekuja kununua ama kuosha?" Wakacheka wote wawili, na fundi mwenyewe nilikuwa nikimlipa mimi! Maneno yale hayajanitoka moyoni. Hakuna kati yao aliyewahi kupiga magoti alfajiri kabla ya kwenda kazini, akisugua nyuma ya choo kwa mswaki mkuukuu. Mimi nimefanya hivyo miaka yote ya nyumba za kupanga. Leo namaliza bafu zima kabla chai haijachemka.

Kitambaa ndicho kilichoniamulia. Vyoo vingi vina bomba lililojikunja ubavuni, na kila mkunjo hushika vumbi na matone ya mkojo. Nilichukua chenye ubavu uliofunikwa, laini hadi sakafuni. Kisha tazama ndani. Ukingo uliokunjwa huficha uchafu mahali ambapo brashi haifiki. Siku hizi vipo vyoo visivyo na ukingo huo, bakuli lote liko wazi. Kifuniko nacho kiwe cha kuchomoka kwa kubonyeza, maana kwenye bawaba ndiko harufu hujificha. Na kwa mgao huu wetu wa maji, tafuta tangi lenye vitufe viwili, cha lita 3 na cha lita 6.

Muuzaji yuleyule alinisukumia mifereji myeusi isiyong'aa. Inapendeza, sikatai. Lakini sisi wa maji ya chumvi tunajua tone likikauka huacha alama nyeupe, na kwenye rangi nyeusi alama hiyo inaonekana toka mlangoni. Ukiisugua kwa nguvu, rangi inaharibika. Angalia birika lako la umeme: ukiona ukoko mweupe ndani, nunua mifereji ya kromu inayong'aa. Ifute kwa kitambaa laini chenye siki na maji, kisha isuuze mara moja. Usichanganye kamwe siki au dawa kali ya choo na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Shawa iwe na vitundu vya mpira. Ukivisugua kwa kidole chokaa inabanduka.

Sinki ya kuning'inizwa ukutani, bila mguu. Deki ipite chini.

Wanawake wenzangu, na nyinyi wanaume mnaoshika brashi, msikubali kuchaguliwa bafu na mtu ambaye hatalisafisha. Fundi ataondoka na pesa zake. Shemeji aliyesifu sinki yenye maua na michoro ataondoka pia. Kila pembe mnayonunua leo mtaisugua Jumamosi, na Jumamosi inayofuata, hata mkiwa wagonjwa, hata mfereji ukiwa mkavu na mmebaki na nusu ndoo. Anayesafisha ndiye achague, na asione haya kuchuchumaa dukani.

Vigae viwe vikubwa ili mistari ya katikati yake iwe michache, na mistari hiyo iwe ya kijivu. Vya sakafuni visiwe vya kuteleza. Halafu msimamie fundi anapokalisha choo. Mafundi wetu wamezoea kuzungushia simenti nyeupe, ambayo hupasuka na kugeuka nyeusi. Mwambieni atumie gundi ya silikoni inayozuia ukungu. Wangu alinung'unika, lakini nilisimama pale mlangoni hadi akamaliza.