Chombo cha bronzi, usikimbilie kukisugua

Wadogo zangu mnaoniuliza inboksi muanzie wapi kupima vyombo vya kale vya Wagiriki, ushauri wangu: tulia na hiyo kutu ya kijani inayofunika bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Mi nlishaumbuka. Nikiwa mgeni maabara nilipewa kipande cha ukingo wa bakuli nifanyie mazoezi, nikaelekeza mashine ya eksrei ya mkononi, ile inayosoma kiasi cha kila metali, pale pale juu ya kutu, bati ikasoma juu ya asilimia 30, nikaanza kushangilia na kichwani nishachora hadi njia za biashara ya bati, kumbe bronzi ya kawaida ina bati kama asilimia 10 tu. Msimamizi wangu alicheka mpaka akakaa chini. Bronzi ikifukiwa, shaba ndo inaliwa na kutoka kwanza, bati inang'ang'ania pale juu, sa ukipima kutu umepima kutu. Tukakwangua sehemu ndogo kama punje ya mtama mpaka metali ikang'aa, na namba ikashuka yenyewe.

Punje ya mtama nimesema! Usije ukasugua chombo kizima, na ndani usiguse kabisa. Kule Paestum kusini mwa Italia, mji waliouanzisha Wagiriki, mwaka 1954 ilifukuliwa mitungi ya bronzi yenye kitu kinanata, watu wakasema asali, timu tatu kwa nyakati tofauti zikapima zikakosa ushahidi wa asali, zikasema ni mafuta. Angekuwa mtu wa haraka angeshaosha. 2025 wanakemia wa Oxford wakapima tena wakakuta sukari na protini za nyuki, asali ya karne 25 jamani, na shaba iliyotoka kwenye mtungi wenyewe huenda ndo ilizuia vijidudu visiimalize.

Kuhusu chombo kimetoka wapi, watu wanapenda aisotopu za risasi, yaani atomi za ile metali ya risasi zinazotofautiana uzito. Nzuri, ila zinakuonyesha mgodi, fundi hazimjui, na vyuma chakavu vikiyeyushwa pamoja majibu yanakorogeka. Kuna pipa la Vix, chombo kikubwa cha bronzi cha Kigiriki cha kuchanganyia divai, mita 1.64 kwenda juu, kilo 208, lilikutwa 1953 Ufaransa kwenye kaburi la mwanamke wa Kikelti (watu wa kale wa Ulaya), mbali kabisa na Ugiriki, na mapambo ya shingoni yana herufi za Kigiriki fundi alizochonga ajue kipande kipi kinakaa wapi. Hizo unaziona kwa macho. Kabla hujawasha mashine zungusha chombo na tochi ya simu, ukikimulika kwa ubavu.